Namba Kwenye Ukurasa wa Mwisho

Jumatano, tarehe 17 Juni 1998, nilimpoteza mume wangu. Alikuwa konstebo wa polisi hapa Kampala. Lori lililokuwa likimpeleka yeye na wenzake kaskazini, ambako vita vilikuwa bado havijaisha, lilipinduka njiani. Yeye alikuwa ameketi nyuma pamoja na magunia ya posho, upande ule ulioanguka.

Katika kambi ya polisi tulikoishi watu walisema mengi. Wengine walisema alipelekwa huko makusudi ili asirudi. Mimi sisemi hivyo, kwa sababu sikumwona mtu akipanga jambo hilo. Nilisoma hadi darasa la saba tu, upande wa Kenya, karibu na mpaka, na sina ujuzi wa kuandika mambo ya kukisia. Ninachojua ni namna alivyofika kwenye lori lile. Ilianza na mtihani wa kupandishwa cheo.

Tuliishi katika nyumba ya bati ya duara, ambayo polisi huiita unipoti. Ndani tulitundika pazia katikati, kitanda upande mmoja, jiko la mkaa na viti upande mwingine. Nyumba zote zilifanana, na vitu vya watu vilifanana pia, kwa hiyo kila mwanamume alipaka rangi namba yake ya kazi juu ya kila alichonacho: beseni, jerikeni, stuli, hata kifuniko cha sufuria. Watu wenyewe tuliitana kwa namba. Tarakimu tatu za mwisho zilitosha. Mume wangu alikuwa Tisa Moja Nne, na mimi nikawa Mama Tisa Moja Nne. Kuna mwanamke niliyechota naye maji kwenye bomba moja miaka mingi, na jina lake halisi nililisikia mara ya kwanza siku ya mazishi yake.

Konstebo huandika namba hiyo mchana kutwa. Akichukua bunduki ghalani anaiandika, akiirudisha anaiandika. Akiandika taarifa ya mlevi aliyemkamata mtaani Kabalagala, namba inakaa chini kabisa, na taarifa isiyo na namba hurudishwa. Mume wangu alikuwa akiiandika tangu kabla ya vita vilivyoisha mwaka 1986. Vita vilipokwisha, askari wa zamani walichujwa, wengi wakaenda nyumbani, yeye akabakizwa. Alibakizwa palepale alipokuwa. Vijana aliowafundisha kushika bunduki walipanda, wakawa wanampa amri, naye akawapigia saluti bila kununa. Zamani hizo, aliniambia, mkubwa alikuja kambini, akauliza huyu ni mtu wa nani na yule ni mtu wa nani, na baada ya hapo tepe za cheo zikashonwa. Yeye hakuwa mtu wa mtu.

Kisha zikaja kanuni mpya. Zilisomwa kwenye gwaride la asubuhi, naye akarudi nyumbani akanisomea tena, kwa kichwa, huku akivua mkanda. Kila anayetaka cheo atafanya mtihani wa kuandika. Hakuna atakayeandika jina, kwa sababu jina linaonyesha kabila. Hakuna atakayeandika namba ya kazi, kwa sababu namba inamwonyesha mtu mwenyewe. Kila mmoja atapewa namba ya mtihani, ya siku ile tu, na anayesahihisha hatajua karatasi ni ya nani. Atakayeweka alama yoyote ya kujitambulisha, karatasi yake itawekwa kando na yeye atahojiwa, kwa sababu itahesabiwa kwamba alitaka kumpa ishara msahihishaji wake.

"Mama watoto," aliniambia, "hii ndiyo sheria ambayo ningeiandika mimi kama ningeulizwa."

Kulikuwa na kanuni nyingine iliyosomwa asubuhi ileile, naye aliitaja mwisho, akiwa amenigeuzia mgongo. Konstebo aliyefikia umri fulani bila tepe atastaafishwa. Umri huo alikuwa anaukaribia. Maana yake ni kwamba mtihani ule wa kwanza ungekuwa kwake ndio wa mwisho. Akifaulu, anakuwa koplo na tunabaki. Asipofaulu, tunafungasha.

Jirani yetu alikuwa koplo, naye alikuwa anautaka usajini katika mtihani huohuo. Alikuwa mtu wa mzaha, na jioni alikuja kuketi mlangoni kwetu. Alimtania mume wangu kuhusu umri wake na vitabu vyake.

"Mzee, ukipata hizo tepe utazishona wapi? Shati lenyewe limechoka."

Mume wangu alicheka, akasema atazishona kwenye ngozi.

Mimi nilikuwa nauza unga. Nilinunua muhogo mkavu na mtama sokoni Kikuubo, nikapeleka kusagwa, nikapima mlangoni. Mmoja wa wateja wangu alikuwa mke wa mkubwa mmoja aliyekaa Naguru, juu kwenye nyumba za matofali. Aliupenda unga wangu kwa sababu sikuuchanganya na kitu. Siku moja, karibu na mtihani, alikuja mwenyewe badala ya kumtuma msichana wake. Aliuchukua unga kidogo, akausugua kati ya vidole, akasema kwa sauti ya chini kwamba mzee wake ameteuliwa kuwa mmoja wa wasahihishaji. Akaniuliza kama baba watoto wangu anafanya mtihani. Nikasema anafanya. Akasema, bila kuniangalia, kwamba anaweza kumwambia mzee wake neno moja, na kwamba watu wazuri wasiachwe nyuma.

Sikujibu. Nilimfungia unga wake, akaenda.

Nilipomwambia mume wangu, aliacha kula. Hakukasirika. Alisema tu kwamba akipandishwa kwa neno la mtu, atakuwa mtu wa yule mtu mpaka siku ya kufa, na kwamba amekaa miaka yote hii bila kuwa mtu wa mtu. Jirani yetu alikuwapo, na alitikisa kichwa.

"Wewe mzee unapenda sana sheria," alisema. "Sheria yenyewe inakupenda?"

"Haijanifahamu bado," mume wangu alijibu. "Ngoja tukutane Jumamosi."

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mtihani. Kabla yake nilimsaidia kusoma. Maswali yalikuwa ya Kiingereza, niliyasoma vibaya, naye alijibu kwanza kwa Kiswahili, kisha tukatafuta pamoja namna ya kuyasema kwa Kiingereza. Mambo ya kumkamata mtu, mambo ya kulinda mahali pa uhalifu, mambo ya kuandika taarifa. Nilimsikiliza nikaona kwamba hana wasiwasi. Mimi ndiye niliyekuwa na wasiwasi, na sikujua ni wa nini. Wiki ile hapakuwa na ugomvi hata mmoja kwenye bomba la maji. Wanawake ambao waume zao walikuwa wanafanya mtihani walichota wakaondoka, kila mmoja na lake, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu.

Alirudi Jumamosi mchana akiwa na njaa. Alisema maswali yalikuwa ya haki. Alikula, akalala usingizi mzito, akaamka akanyoa ndevu.

Jumapili alikwenda zamu. Alipofika ghalani kuchukua bunduki, aliweka sahihi na kuandika namba yake kama kawaida, bila kutazama mkono, huku akizungumza na mtunza ghala. Hapo ndipo alipokumbuka. Alinieleza aliporudi, amesimama, kofia bado kichwani.

"Nimeiandika," alisema.

"Nini?"

"Namba yangu. Namba ya kazi. Kwenye karatasi ya mtihani."

Swali la mwisho lilikuwa kuandika taarifa: askari amemkuta mtu na mali ya wizi, aandike kama ambavyo angeandika kituoni. Aliiandika vizuri, alisema, ilikuwa kazi yake ya kila siku. Alipomaliza, mkono ukashuka mpaka chini ya ukurasa, ukaandika namba, ukapiga mstari chini yake. Baada ya hapo alisimama na kutoa karatasi. Kwenye chumba cha mtihani hakuiona. Aliiona ghalani.

Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika ya mstari. Mstari ule hupigwa chini ya namba tu.

Jirani yetu alipopata habari hakufanya mzaha. Aliingia ndani, akaketi, akasema kwa sauti ndogo kwamba karatasi bado hazijafunguliwa, ziko kabatini, na yeye anamjua karani mwenye ufunguo. Ukurasa mmoja unaweza kuchomolewa. Mume wangu aandike mwingine hapa nyumbani, uleule, bila namba. Alisema si wizi, ni kurekebisha.

"Na nikikataa?"

"Ukikataa, nyamaza. Pengine hawataona."

Mume wangu alimsindikiza jirani mpaka mlangoni. Nilitamani akubali moja kati ya hayo mawili, lolote. Nilitamani hivyo na sikusema. Asubuhi alivaa sare, akaenda kwa ofisa aliyesimamia mtihani, akajiripoti mwenyewe. Alisema kwamba sheria ikiwa nzuri inapowabana wengine, haiwezi kuwa mbaya inapombana yeye. Alidhani watamsikiliza, wataona ni mkono wa mazoea, watafunika ile namba na kusahihisha kilichobaki. Mimi pia nilidhani hivyo, kwa sababu askari yeyote angeelewa. Wao wenyewe waliandika namba zao mchana kutwa.

Walimsikiliza. Walimpa karatasi aandike maelezo. Kisha hakuna kilichotokea kwa siku kadhaa, na hizo siku zilikuwa mbaya kuliko zile zilizofuata. Kaloli, wale korongo wakubwa wala takataka, walisimama juu ya paa la ofisi ya kambi kama wanavyosimama siku zote, lakini nilianza kuwatazama. Nilipopita na jerikeni, wanaume waliokuwa wanazungumza walingoja nipite.

Alikuja inspekta kutoka makao makuu. Alikuwa kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho, mpole, viatu safi. Alimwambia mume wangu angoje nje. Aliketi kwenye stuli yetu, akafungua karatasi zake juu ya goti.

"Mama, mimi sikuja na ubaya," alisema. "Nakuuliza kitu moja moja, wewe unajibu."

"Sawa, afande."

"Huyu mzee yako anajua mtu kati ya wale wanasahihisha?"

"Anawajua kwa sura, kama konstebo anavyowajua wakubwa."

"Na wewe?"

Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona mume wangu mgongo tu, amesimama juani, mikono nyuma. Alikuwa anasikia kila neno.

"Mke wa mmoja wao hununua unga kwangu," nilisema.

Inspekta aliinua kichwa. "Mliongea habari ya mtihani?"

"Aliongea yeye. Alisema anaweza kumwambia mzee wake neno."

"Wewe ukasema nini?"

"Sikusema kitu. Nilimfungia unga."

"Hukukataa?"

"Mume wangu alikataa, nilipomwambia."

"Lakini yule mama mwenyewe, mtu alimwambia kwamba mmekataa?"

"Hapana, afande."

Aliandika. Aliandika kwa muda, na kalamu ilikuwa haina haraka. Nilielewa nikiwa bado nimeketi pale. Katika yote niliyosema hapakuwa na uongo hata kidogo, na yakiwekwa pamoja yalikuwa na sura mbaya sana. Mke wa msahihishaji alitoa ahadi. Hakuna aliyeikataa mbele yake. Halafu karatasi ikatokea ikiwa na namba ya mtu, chini ya ukurasa wa mwisho, imepigiwa mstari.

Alipoondoka, mume wangu aliingia.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Yote?"

"Yote."

Alichota maji, akanawa mikono, akajifuta taratibu kidole kwa kidole. "Basi ni vizuri," alisema. "Wakirudi, sema hivyohivyo. Usibadilishe."

Hawakurudi. Yule mke wa mkubwa hakuja tena kununua unga, na msichana wake alipopita barabarani aligeuza uso. Jirani yetu aliacha kuketi mlangoni kwetu. Simlaumu, alikuwa anangoja matokeo yake, na mtu anayengoja matokeo hapendi kuonekana kwenye nyumba inayochunguzwa. Ila niliuona mlango wake ukifungwa mapema, na nilimsikia ndani akicheka na wengine.

Matokeo yalisomwa kwenye gwaride. Jirani alipata usajini. Namba za waliofaulu zilisomwa, kisha za walioshindwa, na namba ya mume wangu haikuwamo kotekote. Alikwenda kuuliza. Akaambiwa karatasi yake imewekwa kando, haijasahihishwa, mpaka uchunguzi ukamilike. Aliuliza uchunguzi utakamilika lini. Akaambiwa askari haulizi hivyo.

Wakati ule niliona kitu kimoja ambacho sijakisahau. Hakujali tena kama atakuwa koplo. Alikubali kwamba karatasi itafutwa, ndivyo kanuni ilivyosema, na alikuwa ameipenda kanuni hiyo. Alichotaka ni isahihishwe kwanza, kisha ifutwe. Alitaka kujua alipata ngapi. Alisema mtu anaweza kustaafu akiwa konstebo na asione aibu, lakini hawezi kustaafu akiwa swali.

Asubuhi moja namba yake ilisomwa kwenye gwaride, pamoja na namba nyingine, za wale wanaopelekwa kaskazini kuongeza nguvu. Hakuna aliyeshangaa. Wote walinitazama nilipokwenda bombani, halafu wote wakaangalia ndoo zao. Nilimuuliza kama anaweza kukataa kwa ajili ya umri. Akasema anaweza kuomba, lakini mtu anayechunguzwa akiomba kitu, ombi linaingia kwenye uchunguzi.

Aliondoka siku ile niliyoitaja mwanzo. Lori lilikuja asubuhi, nje ya lango, injini haikuzimwa. Nilimpa chakula kwenye karai dogo lililofungwa kitambaa. Sajini mpya, jirani yetu, alikuwa zamu langoni, naye alimsaidia kupandisha begi.

"Mzee, ukirudi nitakupigia saluti mimi," alimwambia.

"Nikiwa na cheo gani?" mume wangu aliuliza, naye sajini akacheka kidogo, akafunga mlango wa nyuma wa lori.

Kwangu alisema maneno machache. Alisema watoto wasikatishwe shule. Kisha akasema, "Wakikuita makao makuu, waulize ile karatasi. Waambie nilitaka isahihishwe."

Habari ililetwa jioni ileile. Waliokuja kunijulisha walisimama wawili mlangoni, na kabla hawajasema neno mmoja wao alivua kofia. Walionusurika walisema dereva alikuwa anakwepa shimo. Niliuosha mwili pamoja na dada zake, niliuona wote, haukuwa na tundu la risasi. Hilo najua.

Tulimzika kwao, upande wa mashariki, karibu na mpaka. Polisi walituma gari, bendera na ofisa wa kusoma hotuba. Kabla ya ibada, ofisa huyo aliniita kando, nyuma ya jiko la shemeji yangu. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya huruma. Aliniambia wamefikiria jambo. Katika hotuba wangemwita koplo. Haitaandikwa popote, wala haitabadilisha kitu chochote cha serikali. Ni kwa ajili ya watu wa kwao, wasikie vizuri, na watoto wakumbuke vizuri.

Nilimuuliza kama karatasi imesahihishwa.

"Mama, siku ya leo si ya karatasi."

"Imesahihishwa, afande?"

"Haijasahihishwa."

"Basi mwite konstebo."

Alinitazama kama mtu anayetaka kusema tena. Shemeji yangu, aliyesikia, alinishika mkono akaniambia niache wamheshimu ndugu yake. Nikamwambia kwamba ndugu yake alikataa cheo cha neno akiwa hai. Shemeji aliniachia mkono, na mpaka leo ananisalimu kwa mbali. Hotuba ilisomwa. Alitajwa kuwa konstebo, mtiifu, aliyetumikia tangu kabla ya vita. Watu wa kwao, walioambiwa miaka yote kwamba mtoto wao ni mkubwa huko Kampala, walisikiliza wameinamisha vichwa.

Niliporudi kambini nilikuta nimepewa muda mfupi wa kuondoka. Nilimpelekea dada yangu baadhi ya vitu, vingine nikaviuza. Kabla ya kutoka kabisa nilikwenda makao makuu. Hawakuwa wameniita, nilikwenda mwenyewe. Nilingoja kwenye korido na watu wengine mpaka nikaingizwa kwa yule inspekta kijana. Alinikumbuka. Alisimama kunipa pole, akanipa kiti, akaketi baada yangu.

Nilimwambia nilichotumwa. Nilisema mume wangu alitaka karatasi yake isahihishwe, hata kama itafutwa baadaye. Nilisema sitaki cheo wala kitu kingine, nataka kuwaambia watoto kama baba yao alifaulu au alishindwa, na kushindwa pia nitawaambia.

Alifunga kalamu yake.

"Mama, ile faili tulifunga," alisema. "Mtu akifariki, uchunguzi unafungwa. Ndivyo kanuni inasema."

"Mlifunga mkiwa mmeona nini?"

"Hakuna uamuzi."

"Hakuna uamuzi maana yake alikuwa safi, au hakuwa safi?"

"Maana yake hakuna uamuzi, mama."

"Na karatasi?"

"Karatasi haiwezi kusahihishwa kama faili imefungwa."

Nilimuuliza yeye mwenyewe, kama askari, anadhani mume wangu aliiandika ile namba kwa makusudi. Alitazama mlango. Akasema kwamba yeye hakupewa kazi ya kudhani. Sauti yake haikuwa ya ukali, na nadhani kama tungekuwa mahali pengine angenijibu, lakini hilo silijui.

Alisimama, nami nikasimama. Akaniambia nikitoka nimwambie anayefuata aingie. Nikatoka, nikamwambia.